Mistari Miwili Ndani ya Bunduki

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Na siku ilianza vizuri! Chai ilikuwa na maziwa, buti zilikuwa zinang'aa, mama mkwe alikuwa bado amelala. Ningejua, ningelala na mimi.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mlinzi wa mchana kwenye ghala la matairi. Mlinzi wa usiku ni Kifua. Tunamwita hivyo kwa sababu kifua chake hufika lindoni kabla yake. Tuna bunduki moja kati yetu, ya zamani, ya kukoki kwa mkono. Asubuhi yeye hunikabidhi, jioni mimi humkabidhi. Na kuna sheria ya bosi: anayepokea aifungue, achungulie ndani, halafu aseme kwa sauti, "Nimepokea." Ukishasema hivyo, kasoro zote za bunduki ni zako, hata zile ilizozaliwa nazo.

Leo bosi kapita, kasema Ijumaa asubuhi anakuja fundi wa silaha kukagua. Na siku hiyohiyo atatangaza msimamizi wa lindo, ama mimi ama Kifua. Nikasema moyoni, ngoja niisugue mpaka fundi ajione sura. Nikachomoa bolti, kile chuma kirefu kinachovutwa nyuma ukikoki. Nikaielekeza bunduki kwenye jua. Nikachungulia.

Mama yangu! Mle ndani, mahali bolti inapoteleza, kuna mistari miwili mieupe. Weusi wote wa chuma umetoka. Kwingine kote ni keusi ti, pale ni peupe kama sahani iliyosuguliwa na mtu mwenye hasira.

Aliyefanya hivyo namjua. Ni mimi. Risasi zetu zimo kwenye kikebe kilichofungwa kwa lakiri na hakuna aliyewahi kukifungua. Kwa hiyo bunduki hii haijafyatuliwa miaka nenda miaka rudi. Lakini kukokiwa, jamani, imekokiwa! Kila siku wakati wa mapumziko nasimama mbele ya kioo cha dirisha la kibanda, nakunja uso, nakoki. Kra-kra! Halafu nageuka upande wa pili, nakoki tena. Mwizi akinikuta nikiwa katika hali hiyo atajuta kuzaliwa. Sasa mwizi hajaja, na bunduki ya watu nimeimaliza.

Mwaka jana kitako cha bunduki hii kilipasuka mkononi mwa mwenzetu mmoja. Bosi alimfukuza hata chai hajaimaliza. Siku hizi anauza mkaa kwenye kona ya mtaa wetu. Lindoni tunamwita Marehemu, ingawa yu hai na ana afya kuliko sisi sote. Na hicho kilikuwa kitako tu, mbao! Mimi nimeharibu chuma.

Nikifukuzwa ni mkaa. Tena kona yenyewe imeshachukuliwa. Halafu kuna mama mkwe. Alikuja kutusalimia kwa wiki mbili, sasa ana kabati lake na kiti chake. Mwezi uliopita alisema mbele ya wageni kwamba binti yake aliwahi kuposwa na karani wa benki. Ulimi ukaniponyoka, nikasema mimi nimeshapandishwa cheo, ni msimamizi. Mtaa mzima unajua isipokuwa bosi.

Jioni akili ikanirudia. Nilimsubiri Kifua upande wenye kivuli, nikasimama kati yake na mwanga uliobaki, na wakati anachungulia nikamsifu kwamba kifua kimeongezeka. Akachungulia mara moja, haraka. "Nimepokea!" Oyee! Sasa ni yake. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mjinga ndiye aliwaye.

Jumanne, 5 Machi

Mimi ni mpumbavu.

Nilipanga kila kitu. Asubuhi ningeipokea taratibu, ningechungulia, ningeruka nyuma, ningepiga kelele kwamba Kifua ameharibu bunduki. Niliifanyia mazoezi njiani hiyo kelele. Mama mmoja alinipisha.

Nafika, Kifua huyoo, ananijia mbio. Anasema tumbo linamsokota. Akanitupia bunduki mikononi na kuondoka. Na mdomo wangu, huu mdomo ninaoulisha kila siku, ukasema wenyewe, "Nimepokea!" Mazoea yana taabu. Kifua akageuka, akatabasamu, na tumbo likapona palepale. Nilidhani amefurahi kwenda kulala.

Mchana sikukoki hata mara moja. Nilipita mbele ya dirisha nikiwa nimefumba macho, nikajigonga kwenye ndoo.

Jioni, baada ya kukabidhi (Kifua alipokea mbiombio tena, mvivu yule), nikaamua kutafuta ushauri kwa mbali. Mama mkwe ana cherehani yake, alikuja nayo kwa ajili ya zile wiki mbili. Nikamwamkia vizuri, nikakaa, nikamwambia kuna rafiki yangu ana kitu cha chuma kinachoteleza ndani ya chuma kingine, na mahali pa kuteleza pametoka rangi. Je, rafiki ameharibu?

Akaniangalia juu ya miwani. Hakuuliza rafiki gani. Akaipindua cherehani, akanionyesha tumboni mwake: mahali panapozunguka vyuma panang'aa, kwingine keusi. Akasema chuma kikipita juu ya chuma kila siku lazima kiache njia, na kwamba cherehani hii ilimshonea nguo za harusi na bado inashona kuliko wakwe wengine wanavyofanya kazi. Rafiki yangu apitishe ukucha juu ya hiyo alama. Ukucha ukiteleza, ni weusi tu wa juu umetoka, aende akalale. Ukucha ukikwama, chuma kimechimbika, na hapo ndipo aanze kulia.

Nikamshukuru. Lakini cherehani si bunduki. Mwanamke hajawahi hata kushika bunduki, anajuaje?

Jumatano, 6 Machi

Hata hivyo nimejaribu ule ukucha. Mfa maji haachi kutapatapa.

Tatizo: sina ukucha. Nimezitafuna zote tangu Jumatatu. Nilipitisha ncha ya kidole, nikasikia kidole tu. Nikapitisha ukucha wa mguu? Hapana, nilifikiria, nikavua buti, nikaangalia barabarani, nikavaa tena. Msimamizi mtarajiwa ana heshima yake.

Mchana mke wangu akaniletea chakula langoni kama kawaida. Nikaona kucha zake. Ndefu, nyekundu, amezipaka kwa ajili ya harusi ya shoga yake. Nikamwambia mke wangu mpenzi, hebu ingiza kidole humu. Akauliza mume wake amepatwa na nini. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema mimi si mtu wa serikali, nalinda matairi. Nikambembeleza. Bolti nilikuwa nimeichomoa, risasi ziko kwenye kikebe chake, ndani ya bunduki hamna kitu ila aibu yangu. Akakubali.

Akapitisha ukucha kwenye mstari wa kwanza. Unateleza, akasema. Wa pili. Unateleza. Moyo wangu ukaanza kucheza ngoma! Kisha wakati wa kutoa kidole akakigonga kwenye kona na ukucha ukakatika. Yowe alilopiga lilimfanya muuza magazeti wa ng'ambo aangushe magazeti. Amesema harusini sasa ataenda na kucha tisa, na kwamba mama yake alimwonya.

Nikambembeleza mpaka akaondoka. Nikabaki nafikiri. Kwenye mistari ukucha umeteleza, lakini mwishoni umekatika. Sasa hiyo ni kuteleza au ni kukwama? Mama mkwe hakueleza habari ya ukucha unaoteleza halafu unakatika. Nikaona bora nijihesabu kwamba umekwama. Mambo yangu mimi siku zote hukwama.

Ila pale kwenye kona palibaki chembe ndogo ya rangi nyekundu, imeshika barabara. Nilipoiona nikapata wazo. Wazo zuri mno. Nashangaa sikuzaliwa tajiri.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo: mke wangu ana rangi ya kucha nyeusi pia!

Nimeichukua kutoka mezani kwake asubuhi wakati yeye na mama yake wananisema jikoni. Mchana, lindo likiwa kimya, nikachomoa bolti, nikakaa nyuma ya kibanda, nikapaka. Nina mkono mtulivu, sikuwahi kujua. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, juu kidogo, chini kidogo. Nikapuliza. Nikachungulia. Jamani! Mpya! Kama imetoka kiwandani leo. Nilitokwa na machozi kwa raha, ingawa huenda ilikuwa ile harufu.

Ndipo nikasikia gari la bosi.

Nikashtuka, nikasukuma bolti ndani, rangi mbichi vilevile, nikaifunga kabisa. Bosi akashuka, akanusa hewa, akauliza kuna nini kinanuka. Nikamwambia ni matairi. Akasema matairi hayajawahi kunuka hivyo. Nikamwambia ni joto. Akaenda zake.

Nikajaribu kufungua bolti. Wapi! Imeganda. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaiweka bunduki kati ya magoti na kuvuta mpaka nikaona nyota. Bolti na bunduki zimeoana, na mshenga ni mimi.

Jioni ikafika. Kifua anakuja, kifua mbele. Sheria inasema anayepokea afungue achungulie. Nikajifuta jasho nikamwambia kwamba, kwa kuwa fundi anakuja kesho, ni vizuri tusiifungue tena isiingie vumbi. Nilitegemea abishe. Kifua hubisha hata ukimwambia leo ni leo. Lakini hakubisha! Akasema ni wazo la busara sana, wazo la mtu aliyesoma. Akaikumbatia bunduki bila hata kuiangalia. "Nimepokea!"

Sikuelewa, wala sikutaka kuelewa. Usimwangalie farasi wa kupewa mdomoni... hapana, sijui nani alisema hayo, kwetu tunasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, au kitu kama hicho. Nimefurahi mno, hata methali zimenichanganyika.

Tatizo limebaki moja tu. Kesho asubuhi fundi afike KABLA sijaipokea.

Nimemfikiria Kifua kidogo. Ana watoto. Aliwahi kuniazima koti lake la mvua, akalowa yeye. Roho iliniuma kweli. Kisha nikala, ikapoa.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike yote, nisisahau hata moja.

Nilitoka mapema lakini nilipofika kwenye mti wa pale njia panda, nikainama kufunga kamba za viatu. Kutoka pale naona lango. Kifua kasimama langoni, bunduki ameinyoosha mbele kwa mikono miwili, ananiita. Nikampungia mkono, nikaendelea kufunga. Akaita tena. Nikafunga buti la kulia. Nikafunga la kushoto. Buti langu la kushoto halina kamba tangu mwaka jana, na ndilo nililolifunga kwa muda mrefu zaidi.

Hatimaye, gari la bosi! Na fundi ndani yake! Nikanyooka nikaja mbio, nikiomba radhi kwa kuchelewa. Bunduki mikononi mwa Kifua. Mungu hamtupi mja wake.

Fundi ni mwanamke mfupi, miwani mikubwa, sanduku la vifaa kubwa kuliko yeye. Tukamwamkia. Akaiweka bunduki juu ya meza ya kibandani, akashika bolti, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena. Akamwangalia Kifua. Bosi naye akamwangalia Kifua.

Sikuamini kilichofuata. Kifua, lile pande la mtu, akapiga magoti! Akaanza kulia kwamba asamehewe, ana watoto. Kwamba ni yeye aliyeiharibu bunduki. Kwamba kila siku hujitazama kwenye kioo cha chooni, hukunja uso, hukoki, kushoto na kulia, na majuzi ameona ndani kuna mistari miwili mieupe. Amekuwa akiipokea na kuikabidhi haraka ili mimi nisione! Na sasa bunduki imekufa kabisa.

Kumbe! Wiki nzima tumekuwa tukirushiana kaa la moto, kila mmoja akidhani mwenzake ana mikono baridi. Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Mdomo uliosema "Nimepokea" Jumanne bila kuombwa, leo ukafunga duka.

Fundi akanusa bunduki. Akatoa dawa kwenye sanduku, akadondosha pembeni ya bolti, akangoja, akagonga kidogo. Kra! Ikafunguka. Akaichomoa, nayo imejaa magamba meusi. Akasema hii anaifahamu, hata yeye anayo nyumbani: kichupa kidogo, kifuniko kirefu. Ni rangi ya kucha. Bosi akauliza rangi ya kucha inafanya nini humo. Fundi akasema hilo ndilo swali zuri.

Akasafisha kwa kitambaa. Mistari yangu miwili ikatokea, mieupe, mibaya. Nikashika ukuta. Fundi akamulika na tochi. Akapitisha ukucha, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Akageuza, akamulika kona zote kutafuta ufa.

Akasema ni kawaida.

Bosi akauliza kawaida vipi. Akaeleza: bolti hupita palepale kila siku, ule weusi ni ngozi ya juu tu, lazima utoke. Mistari imenyooka, imelingana kulia na kushoto, ukucha unateleza, hakuna ufa wala chuma kilichojikunja. Angehofu kama upande mmoja ungeliwa kuliko wa pili, au ukucha ungezama. Bunduki ya zamani isiyo na mistari hiyo hajawahi kuiona, na akiiona atauliza nani kaipaka rangi. Hapo akatuangalia.

Kawaida! Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nililia. Kifua alilia. Tulikumbatiana, na kifua chake kikanibana pumzi.

Lakini fundi alikuwa hajamaliza kumulika. Akachokoa kwa sindano kwenye kona, akatoa chembe nyekundu, akaiweka mezani kwenye karatasi nyeupe. Akasema, hii nayo si ya bolti.

Na ni nani akatokea langoni saa hiyohiyo? Mke wangu. Nilisahau uji wa asubuhi kwa haraka ya kwenda kufunga kamba. Kucha tisa nyekundu zimeshika bakuli.

Bosi akaangalia chembe. Akaangalia kucha. Akahesabu kwa midomo. Akaniangalia mimi. Nikasema ni joto.

Sikufukuzwa! Bosi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Alisema kama bunduki ni nzima hana sababu ya kumfukuza mtu, ila cheo cha msimamizi hawezi kumpa mmoja wa watu wanaogombana na vioo. Kisha fundi akaomba ajue mlango wa kibanda umezuiwa na nini. Kumbe ni kile kitako cha zamani kilichopasuka. Akakiokota, akaufuata ufa kwa kidole. Akasema mbao ilikauka, ufa umeanzia kwenye skrubu na umefuata nyuzi za mti, hata ndani umeshaingia weusi wa mafuta ya zamani. Hakuna aliyekipiga. Kingepasuka mikononi mwa yeyote.

Bosi akaacha kucheka. Kisha akauliza kama kuna anayejua Marehemu anapatikana wapi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala kama mtoto. Nimeamka, nimekumbuka kwamba bado nina kazi, nikalala tena kidogo kwa makusudi.

Nilimwelezea mama mkwe, kwa mbali, kwamba yule rafiki yangu amepona. Fundi mwenye cheti amesema chuma kikipita juu ya chuma huacha njia, na upitishe ukucha. Mama mkwe akasema si ndivyo alivyosema yeye? Nikamwambia ndiyo mama, lakini fundi ana cheti.

Akafunga cherehani. Akasema mkaa huwa ananunua kwa yule kijana wa kwenye kona, kijana mwenye adabu, na wamekuwa wakizungumza tangu alipofika. Anajua nani ni msimamizi na nani si msimamizi tangu siku ileile nilipotangaza. Alikaa kimya kwa sababu binti yake alimwomba. Na Jumatano binti huyohuyo alirudi na ukucha uliokatika, akalia, lakini si kwa ukucha. Alilia kwa kuogopa nitafukuzwa.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vyote, hata visafi. Mke wangu akanikuta huko, akanicheka, akaninyunyizia maji usoni. Nilisikia raha mpaka kwenye mifupa.

Jumatatu, 11 Machi

Marehemu amefufuka. Amekuja na sare mpya, bosi amemwomba radhi mbele yetu na kumtawaza msimamizi. Kusema kweli anastahili. Amri yake ya kwanza: marufuku kukoki mbele ya kioo. Ya pili: mimi na Kifua tuisafishe bunduki kwa zamu, na anayeona kitu asichokielewa aseme siku hiyohiyo. Aseme tu, basi. Nimemwambia nimekuelewa mkuu, hilo nimeshajifunza vizuri sana. Kifua naye kaapa.

Nyumbani mama mkwe sasa ananiita Bwana Msimamizi kila anapotaka cherehani itiwe mafuta. Natia.

Mchana nilikuwa naisafisha bunduki, raha mustarehe, naimba. Nikakisugua kitako, kile kipya. Nikakiona. Karibu na skrubu. Alama, nyembamba, kama unywele.

Nimeangalia huku na huku. Hakuna aliyeona.

Jioni nimemwuliza mke wangu, kwa mbali sana, kama anayo rangi ya kucha ya kahawia. Anayo.